Jumatano, Siku ya Mashujaa

Marekani, vitabu vipya vya katuni za mashujaa hutoka Jumatano. Wenye maduka hupokea maboksi siku moja au mbili kabla, wakahesabu, wakatenga vya wateja wao wa kudumu, na Jumatano mlango ukifunguliwa rafu ya mbele imeshapangwa upya, majalada yakikutazama. Kila toleo lina kurasa 20 na ushei, bei yake dola 3.99 au 4.99, na karibu kila moja hukatiza hadithi pale pale inaponoga, likakuahidi mwezi ujao.

Naishi Cleveland, katika jimbo la Ohio. Kazi yangu ni kuhudumia wazee, zamu ya usiku. Jumatano nikishatoka kazini nalala kidogo, kisha naenda dukani kabla watoto hawajatoka shule. Wengi tunaokutana pale ni watu wazima: dereva wa basi, mwalimu, fundi bomba, mimi. Tunanunua, tunasoma, tunatoa maoni, na maoni hayo wakati mwingine ni makali. Kutokana na mazoea hayo nimejifunza jambo ambalo limenifaa hadi nje ya duka: anayetoa maoni kuhusu kazi ya mtu ana wajibu. Anadaiwa kuitazama kazi yenyewe, kumtambua aliyeifanya, na kukumbuka kwamba hadithi bado inaendelea.

Mapenzi haya hayakuanzia Ohio. Nilikulia Ngamiani, Tanga, na kinyozi wa mtaani kwetu alikuwa na benchi la wateja na rundo la magazeti ya katuni ya Sani yaliyochakaa. Mimi ndiye niliyekuwa nampeleka mdogo wangu kunyoa, na foleni ikiwa ndefu nilifurahi. Palikuwa na Madenge na vituko vyake, Ndumilakuwili na hila zake, Kipepe na Lodilofa. Magazeti mengi yalikuwa hayana majalada, mengine kurasa za mwisho zilishachanwa zikafungiwa karanga, na hadithi iliyosema itaendelea haikuendelea, kwa sababu toleo lililofuata halikufika pale. Tukawa tunazimalizia wenyewe barazani jioni, kila mtoto na mwisho wake, na ugomvi wa nani kasema vizuri ulikuwa ni sehemu ya starehe.

Baba mdogo, ambaye alikuwa akipita pale barazani akitoka msikitini, alikuwa wa rika lililotutangulia, rika la Lance Spearman. Huyo alikuwa mpelelezi katika hadithi za picha za kupigwa kwa kamera, ndani ya jarida la African Film lililosomwa kuanzia Afrika Magharibi hadi kwetu mwishoni mwa miaka ya 1960. Baba mdogo alikuwa amebakiwa na kumbukumbu tu, nakala hakuwa nazo, lakini alipoanza kumsimulia Spearman tulikaa kimya. Alieleza kofia ya panama, alieleza sigara, alieleza ngumi ilitoka upande gani na adui akaangukia wapi. Hakuwahi kutuambia kwamba hadithi ile ilikuwa nzuri. Alituonyesha picha zilivyokuwa, uzuri wake tukauona wenyewe.

Kitu kimoja tulikikosa sote. Tuliwajua wahusika kwa majina, kwa mwendo na kwa mavazi, ila wachoraji hatukuwajua. Jina la marehemu Philip Ndunguru, mmoja wa wachoraji walioijenga Sani, nimelifahamu nikiwa mtu mzima. Watoto wa pwani nzima walicheka kwa mkono wa watu ambao wasingeweza kuwaita wakipishana nao njiani.

Nilikuja Cleveland kwa sababu kaka yangu alikuwa ametangulia. Jiji lenyewe lilikuwa na historia ambayo hakuna aliyenieleza kabla ya kufika: ndiko alikotungwa Superman. Jerry Siegel na Joe Shuster walikuwa wanafunzi wa shule ya sekondari ya Glenville, upande wa mashariki wa jiji, vijana wa familia za Kiyahudi zilizohamia kutoka Ulaya. Baba yake Jerry alikuwa na duka la nguo. Mwaka 1932 waliingia wezi, na yeye akafia humo humo dukani. Kijana aliyefiwa namna hiyo akaja kutunga mtu ambaye risasi haimdhuru. Wapo wanaoyaunganisha hayo mawili na wapo wanaokataa. Mimi nayaunganisha.

Nyumba ya akina Siegel bado ipo, barabara ya Kimberly, na uzio wake una ile nembo ya herufi S. Mitaa kadhaa kutoka hapo, mahali ilipokuwa nyumba alimokaa Shuster, kuna uzio uliopambwa kwa kurasa za toleo la kwanza la Action Comics la mwaka 1938, zilizokuzwa hadi kumfikia mtu kimo. Nilimpeleka mtoto wa kaka yangu, ambaye baba yake huendesha malori ya masafa marefu na kwa hiyo kwa sehemu kubwa ya wiki yuko kwangu. Alitembea kando ya uzio akisoma kisanduku baada ya kisanduku. Mwanasayansi anamweka mwanawe mchanga ndani ya chombo na kumrusha kutoka kwenye sayari inayokufa. Mtoto analelewa duniani, akiwa na nguvu za kuwashangaza walezi. Kisha akafika mahali akasimama.

"Shangazi, huyu anampiga mume wa mtu."

"Soma kwa nini."

"Kwa sababu na yeye alikuwa anampiga mkewe."

Ndivyo ilivyo. Katika hadithi yake ya kwanza kabisa, shujaa huyu hapigani na majini wala viumbe wa angani. Anamwokoa mwanamke aliyehukumiwa kifo bila hatia, anamkomesha mume anayepiga mkewe, anamfuata mshawishi wa wanasiasa mjini Washington. Vijana wawili wa Glenville waliwaona wanyonge wa enzi yao na kuwatungia mtetezi.

Kisha wao wenyewe wakakosa wa kuwatetea. Haki zote za Superman waliziuza kwa dola 130, wagawane wawili. Kampuni iliyozinunua ikatajirika, wao wakazeeka katika dhiki, kesi baada ya kesi. Ilikuwa mwaka 1975, baada ya kelele za wachoraji wenzao na magazeti, ndipo walipopewa pensheni ya dola 20,000 kila mmoja kwa mwaka na majina yao yakarudishwa kwenye hadithi. Mwaka 2024 nakala moja ya toleo lile la kwanza, lililouzwa senti 10 lilipotoka, ilinunuliwa kwa dola milioni 6.

Habari ya Batman inafanana na hiyo. Kwa miongo mingi kila kitabu kilimtaja Bob Kane peke yake kuwa ndiye mbunifu. Bill Finger, aliyependekeza joho na kinyago kinachofunika kichwa, aliyebuni jina la Bruce Wayne na la jiji la Gotham, alifariki mwaka 1974 bila jina lake kuwekwa pale linapostahili. Liliwekwa rasmi mwaka 2015, miaka 41 baadaye, kwa juhudi za mjukuu wake na mwandishi mmoja aliyefanya utafiti bila kuchoka.

Ndiyo maana mimi nikifungua toleo jipya naanza na orodha ya waliolifanya. Mwandishi, mchoraji wa penseli, wa wino, aliyetia rangi, aliyeandika herufi ndani ya viputo. Mtu akiniambia kitabu fulani kimemchosha, namuuliza nani kakiandika na nani kakichora. Kama hajui, naona kazi yake ya kutoa maoni bado hajaianza. Kumlaumu mtu bila kumjua ni dhuluma, na kumsifu bila kumtaja ni dhuluma ile ile waliyofanyiwa Siegel, Shuster na Finger, ila imekuja na tabasamu.

Mwenye duka ninalonunua ni mzee mwenye sauti ya chini. Mteja akirudi Jumatano inayofuata, hamuulizi kama alikipenda alichosoma. Humuuliza, umeona nini humo. Ni swali dogo, lakini linambana mtu. Anayejibu kwamba kilikuwa kikali anaulizwa tena: ukurasa gani? Anayesema kilikuwa kibovu naye anaulizwa ukurasa gani. Polepole wateja wa pale tumezoea kuja na jibu. Tunasema mchoraji alimweka adui nyuma ya dirisha kurasa tatu kabla hajatokea. Tunasema mandhari ya jiji yametiwa rangi ya machungwa hadi sauti ya mlipuko inasikika. Tunasema viputo vimejaa maneno kiasi kwamba sura za watu zimefunikwa.

Kazini kwangu nako mafundisho ni hayo hayo. Asubuhi tunapokabidhiana zamu, muuguzi mkuu hataki kusikia kwamba mzee wa chumba fulani alikuwa mkorofi usiku. Anataka kujua alifanya nini: alikataa dawa ya saa tatu, alikula nusu ya uji, aliamka mara mbili akimwita dada yake. Ukishaandika hivyo, yule mzee anabaki mtu, na anayeingia zamu anajua pa kuanzia. Ukiandika kwamba ni mkorofi, umemfungia mlango. Nimeona wazee wakihukumiwa kwa neno moja la kwenye karatasi, na nimeona neno hilo likiwafuata hadi mwisho. Kwa hiyo ninaposema kwamba kusoma katuni kumenifundisha haki, sitii chumvi. Nyumba ile ya wazee na duka lile vinanidai tabia moja.

Msimu wa mwaka 2024, kuanzia Oktoba hadi mwanzo wa Novemba, ulikuwa mtihani mzuri wa tabia hiyo, maana Jumatano karibu zote zilikuja na jambo.

Oktoba 2 kilitoka kitabu kipya cha Storm kutoka kampuni ya Marvel, na kwangu hiki kilikuwa na uzito wa pekee. Storm, jina lake la nyumbani Ororo Munroe, alianza mwaka 1975 katika toleo maalumu la X-Men lililoandikwa na Len Wein na kuchorwa na Dave Cockrum. Mama yake ni binti mfalme kutoka Kenya, baba yake Mmarekani mpiga picha za habari, na yeye anaamuru mvua, upepo na radi. Mwanamke mweusi, wa asili ya Afrika Mashariki, akawa baadaye kiongozi wa kikosi kizima cha mashujaa. Sisi wasomaji tuliotoka huko tunalibeba hilo kwa fahari, na fahari hiyo ni ya haki.

Hata hivyo ukurasa ni ukurasa. Kenya ya toleo lile la 1975 ni nyika tupu na watu wanaomwabudu kama mungu wa kike. Kenya iliyokuwepo duniani mwaka huo ilikuwa na Nairobi yenye maghorofa, chuo kikuu, magazeti, na mchoraji Edward Gitau aliyekuwa akimchora Juha Kalulu wake na kuwachekesha wasomaji wa Kiswahili. Cockrum alichora uso wa Ororo kwa heshima kubwa, wala simnyimi sifa hiyo. Nchi ya mama yake aliichora kwa kuisikia. Yote mawili yamo humo, na mpenzi wa kweli wa Storm anayasema yote mawili.

Kitabu cha 2024 kiliandikwa na Murewa Ayodele, Mnigeria, na kuchorwa na Lucas Werneck wa Brazil. Toleo la kwanza linamleta Storm kwenye ajali ya kinu cha nyuklia mjini Oklahoma City. Nilichokipenda ni kwamba kuokoa kuna gharama. Mwili wake unadhurika kwa mionzi, na mwanamke anayeamuru mbingu anakuwa mgonjwa wa kuhudumiwa. Werneck anachora nywele na joho vikiwa vimejaa upepo hata anaposimama tu, kiasi kwamba unajua hali ya moyo wake kabla hujasoma neno. Malalamiko yangu yalikuwa kwenye mwendo: mambo makubwa yanapangwa karibu karibu, na nilitamani kurasa mbili zaidi za watu wa mji ule, wale waliokuwa wakikimbia.

Oktoba 9 ikaja Absolute Batman, ya Scott Snyder na Nick Dragotta kutoka kampuni ya DC. Hapa Bruce Wayne si tajiri. Baba yake alikuwa mwalimu, akauawa kwa risasi akiwa ameongoza wanafunzi kwenye matembezi ya bustani ya wanyama. Mama yake yu hai. Bruce ni mhandisi kijana wa mtaa wa wafanyakazi, na Dragotta amemchora akiwa mpana kama mlango wa ghala, nembo ya popo ikiwa imefunika kifua chote. Halafu nembo ile inang'oka ikawa shoka.

Mtoto wa kaka yangu alisoma mara moja, akarudia, kisha akaja jikoni.

"Shangazi, huyu Batman hana hela?"

"Hana. Anafanya kazi."

"Na mama yake hajafa."

"Hajafa."

"Basi huyu ana cha kupoteza."

Sijasoma uchambuzi uliolitaja jambo hilo kwa maneno machache namna hiyo. Batman tuliyemzoea ameshapoteza kila kitu alipokuwa mtoto, kwa hiyo usiku wake wote ni wa kulipiza. Huyu wa Snyder anaogopa simu kutoka kwa mama yake. Mtoto ambaye baba yake yuko barabarani usiku, katika theluji, analiona hilo upesi kuliko mtu mzima.

Kuna ukurasa wa toleo hilo nilioupinga, na bado naupinga. Shoka lile linamkata mhalifu kiganja. Mimi huwavalisha nguo watu waliopoteza viungo, najua mkono uliokatika unavyobadilisha asubuhi nzima ya mtu, kuanzia kifungo cha shati. Dragotta amelichora tendo lile kwa ustadi na kasi, na ustadi huo ndio unaonitia wasiwasi, maana jicho linafurahia kabla akili haijauliza. Nilisema hivyo dukani, fundi bomba akanijibu kwamba jiji lililo katika hali ile lisingesikia lugha nyingine. Tulibishana kwa muda mrefu, kila mmoja akifungua ukurasa wake, na tuliagana kwa salama kila mtu na msimamo wake. Ubishi wa namna hiyo naupenda. Una mahali pa kuweka kidole.

Oktoba 23 ilikuwa zamu ya Absolute Wonder Woman, ya Kelly Thompson, michoro ya Hayden Sherman, rangi za Jordie Bellaire, herufi za Becca Carey. Nawataja wote wanne kwa sababu wote wanne wanasikika. Wonder Woman huyu, Diana, hakulelewa kisiwani kwa Waamazoni. Alipelekwa kuzimu akiwa mchanga, akakabidhiwa mchawi Circe, mfungwa wa huko, ambaye hakuombwa ridhaa na ambaye anakatazwa hata kumwambia mtoto jina la watu wake. Diana anakua, anapanda juu duniani akiwa na upanga mkubwa, amempanda farasi mwenye mabawa ambaye ni mifupa mitupu. Ungetazamia uso wa chuki. Sherman amempa uso mpole, na upole huo ni malezi ya Circe.

Hiki ndicho kitabu nilichokipenda kuliko vyote msimu ule. Hadithi nyingi za mashujaa zinadhani nguvu hutokana na damu, na malezi ni pambo tu. Thompson amegeuza: damu ya Diana imefichwa, na kila kilicho chema ndani yake kimetoka kwa mwanamke aliyeletewa mtoto asiye wake, akamnyooshea mikono. Wapo wanawake wengi wa kwetu, mashangazi, mabibi, mama wadogo, waliofanya kazi hiyo bila kitabu hata kimoja kuwataja. Nilisoma kurasa za Circe na mtoto polepole sana, nikazirudia.

Novemba 6, mwisho wa msimu ule, ikaja Absolute Superman ya Jason Aaron na Rafa Sandoval. Wazazi wake kule Krypton, ile sayari inayokufa, ni watu wa tabaka la wafanyakazi, na ile herufi S kifuani ni alama ya tabaka hilo. Duniani tunamkuta kijana akiwatetea wachimba madini nchini Brazil dhidi ya kampuni yenye jeshi lake. Nilikuwa nimesimama mbele ya uzio wa Glenville, na nilimtambua: ni yule yule wa 1938, mtetezi wa wanyonge, aliyekuwa amepotea kidogo katikati ya vita vya angani. Krypton ya Sandoval ina vumbi, ina jasho, ina watu waliochoka. Kilichonisumbua ni vazi lake lenye akili, ambalo linasema naye bila kunyamaza. Maneno yake yanajaza visanduku ambavyo picha ilikuwa imeshavimaliza.

Sasa, maoni hayo yote niliyatoa kwenye matoleo ya kwanza. Ilikuwa sawa kuyatoa? Nadhani ndiyo, na hapa ndipo wengi hutofautiana nami. Kuna wanaosema ungoje hadithi iishe ndipo useme. Lakini hadithi ya kila mwezi huishi kwa wanaoisema. Wasomaji wakinyamaza, duka linapunguza oda, kitabu kinakatishwa kabla mwandishi hajafika alikokuwa akienda. Wengine nao wanatoa hukumu ya mwisho siku ya kwanza, wakaitangaza, na baada ya hapo hawawezi tena kubadilika, kwa sababu wameshajifunga kwa maneno yao. Mimi nashika njia ya katikati: sema leo ulichokiona leo, kwa wazi, na uache mlango wa kesho.

Mfano mmoja ni Ultimate Spider-Man ya Jonathan Hickman na Marco Checchetto, iliyoanza Januari 2024. Peter Parker humo ni mtu mzima, ana mke na watoto wawili, na nguvu zinamjia ukubwani. Toleo la 4 karibu lote ni chakula cha jioni: Peter na Mary Jane wameketi mgahawani na Harry Osborn na mkewe Gwen, wanazungumza. Dukani kulikuwa na manung'uniko. Watu walitaka buibui arukeruke. Nilitazama tena ile meza. David Messina, aliyechora toleo hilo, ameonyesha nani anamtazama nani wakati mwenzake anasema, nani anaficha mikono, nani anacheka akiwa amechelewa. Wanaume wawili wanashirikiana siri kubwa mbele ya wake zao. Hayo ni mapambano. Ukiyasoma kwa haraka ya kungoja ngumi, yanakupita.

Uvumilivu huo nilifundishwa zaidi na mwaka 2020. Ugonjwa wa korona ulipoingia Marekani, msambazaji mkuu wa vitabu hivi alisimamisha usafirishaji, na kuanzia mwanzo wa Aprili hadi Mei 20 Jumatano zilipita bila rafu mpya. Kazini kwetu ulikuwa wakati mzito, na sitaki kuueleza kwa undani hapa. Nitasema tu kwamba nilirudi nyumbani kila asubuhi nikiwa na hadithi nyingi zilizokatizwa, za kwenye karatasi na za watu, na nilijua kwamba nyingine hazitaendelea. Toka hapo, toleo linalokuja mwezi ujao silioni kuwa ni haki yangu. Kuna watu wanachora usiku, wanapakia, wanaendesha malori, wanafungua duka. Hadithi kuendelea ni kazi ya mikono mingi, na kila inapoendelea nashukuru.

Hivi karibuni binamu yangu mdogo wa Tanga, anayesoma chuo, alinitumia kwa simu kurasa za katuni yake ya kwanza. Ni binti anayeweza kusimamisha mawimbi, na hadithi inaanzia soko la samaki la Deep Sea. Aliomba niseme ukweli. Zamani jamaa wangeshindania sifa: hongera, una kipaji, Mungu akuzidishie. Sifa hizo ni tamu, na baada ya hapo mchoraji anabaki peke yake na kurasa zake, hajui kesho arekebishe nini.

Niliketi mezani na penseli. Nikamwandikia kwamba ukurasa wa 2 ni mzuri, kwa sababu bibi muuza dagaa anaiona bahari ikisimama kabla yetu, nasi tunaijua kwa uso wake. Nikamwandikia kwamba kwenye ukurasa wa 5 binti anatazama kushoto katika kisanduku cha juu na kulia katika cha chini, na kwa hiyo sijui wimbi linatoka wapi. Nikamwandikia kwamba viputo vya ukurasa wa mwisho vinarudia kile ambacho picha imeshakisema, avipunguze. Nikamwambia sihukumu hadithi, maana ni sura ya kwanza, nangoja ya pili, na ikitoka nitailipia.

Aliniuliza jambo moja tu: "Dada, kwa hiyo jalada nilibadilishe?"

Jalada lake lilikuwa na binti, bahari, na jina la hadithi kwa herufi kubwa nyekundu. Nikamjibu kwamba picha aiache ilivyo, ila chini yake aandike jina lake kamili, na jina la yule rafiki yake aliyemsaidia kutia rangi, kwa herufi ambazo mtoto aliyekaa kwenye benchi la kinyozi anaweza kuzisoma.